Kirukanjia wa Garsen

Mwaka 1891, mpunga ulipoanza kukomaa, Arafa alishinda juu ya dungu karibu na Garsen akirusha madonge ya udongo kwa teo, ndege wasije wakamaliza mashuke. Jioni moja, akikunja teo lake, alisikia sauti ya kaka yake Tahir ikimwambia ateremke, chakula kinapoa. Tahir alipotea mwaka uliotangulia. Ami yao Komora, aliyekwenda naye mtoni, alirudi peke yake, akasema mamba amemchukua, kisha akaanza kulilima shamba la Tahir la ukingoni.

Arafa aliteremka. Sauti ilitoka chini, njiani, na aliyeitoa alikuwa kirukanjia, yule ndege wa usiku anayelala juu ya udongo akafanana nao. Alipokaribia, ikanyamaza. Akaelewa kwamba hatasikia neno jingine mpaka amwone.

Tangu hapo hakutulia. Kila baada ya magharibi alitoka na kijinga cha moto, mara nyingi hajala. Miiba ilimchoma, mbu walimuuma, na ndege waliruka chini ya unyayo wake kabla hajawaona. Polepole alijifunza kutotafuta umbo la ndege, bali jani lisilotikisika upepo unapovuma. Alipomwona wa kwanza, jike aliyelalia mayai juu ya ardhi tupu, alicheka peke yake mpaka kijinga kikazimika. Hakuwa Tahir. Alirudi nyumbani na furaha yake, na usingizi bado haukuja.

Hatimaye alimpata Tahir kwenye mizizi ya mkindu.

"Umechelewa," alisema ndege.

"Ulijificha vizuri, kaka."

"Sikuliwa na mamba. Ami aliniuza kwa watu wa msafara. Nilifia njiani."

Arafa alimuuliza kama anakula. Akajibu kwamba wadudu wapo wa kutosha.

Jioni iliyofuata aliwaleta wazee, na Komora akaja nao. Iliwachukua muda kumwona. Arafa aliwaelekeza mmoja mmoja kwa kidole. Ndege akarudia maneno yaleyale. Komora hakukana.

"Ndiyo sauti yake," alisema. Kisha akachuchumaa, akamuuliza Tahir alikuwa akipanda mbegu gani kwenye ile kona inayotuama maji. Tahir akamwambia.

Wazee wakasema ukweli umejulikana, ila mpunga wa Komora umeshatoa mashuke, na shamba lenye mpunga halihamishwi. Wakaenda kuswali isha.

Habari zikapanda na kushuka na mto. Watu waliopotelewa na ndugu na watoto walikuja kutoka Kinakomba, wengine Kilelengwani, wakamwomba Arafa awatafutie ndege wao. Vichaka vya ng'ambo ya mto vilikuwa vimejaa ndege hao. Komora alichonga mtumbwi mpana, akawa ndiye anayewavusha. Akina mama aliwashika mkono wakati wa kushuka, wasiteleze kwenye tope.