Wagonjwa wa Mshona Mapazia

Mgonjwa wa kwanza alikuja Jumatatu asubuhi, kitambaa amekizungusha shavuni na kukifunga utosini. Mke wangu alikuwa ameinamia cherehani, pini nne mdomoni. Yule bwana hakusalimu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaachama, akaelekeza kidole kwenye gego la nyuma.

"Ndugu yangu," mke wangu alisema baada ya kutoa pini mdomoni, "mimi nashona mapazia."

Bwana akatazama vitambaa vilivyoning'inia ukutani, kisha akatoa simu mfukoni kama anayetoa hati ya kiwanja. "Imeniambia ni hapa."

Ni kweli kuna daktari wa meno aliyewahi kukodi chumba kile kabla yetu. Alihama miaka minne iliyopita. Tukampa pole yule bwana, akaenda zake, tukacheka. Kufika mchana walikuwa wamekuja wengine wawili. Jumanne watano.

Mimi ni fundi wa laini za simu, mstaafu. Mtaani wananiita Fundi Waya. Miaka thelathini na moja nilipanda nguzo. Nilikuwepo wakati namba zote za mji zilikaa kwenye kitabu kimoja kinene, na jina lako likikosewa ulijua meza ya kwenda kugonga. Nilikuwepo mtandao ulipoingia ukipiga kelele kwenye waya kama paka aliyebanwa mlangoni, na mtu akinyanyua simu sebuleni, barua yako imekatikia njiani. Nikavuta nyaya kwenye vibanda ambako watu walipanga foleni wapate nusu saa mbele ya kompyuta. Kisha nyaya zikanikimbia, mambo yote yakahamia viganjani. Lakini imani yangu haikubadilika: kila waya una ncha mbili. Ifuate hitilafu kwa subira, utaikuta, na pembeni yake utamkuta mtu.

Nikampigia binti yetu, anayefanya kazi ofisini mji mwingine.

"Baba, siku hizi watu hawatafuti," alisema. "Wanauliza tu, simu inajibu. Hebu uliza na wewe."

Nikauliza: daktari mzuri wa meno aliye karibu ni nani? Sauti ikajibu kwa upole, bila kusita, ikataja mtaa wetu na mlango wetu. Ikaongeza: "Wagonjwa wanamsifu kwa mkono wake mwepesi na mishono isiyoonekana."

Maneno yale niliyajua. Mteja mmoja wa mapazia aliyaandika mtandaoni mwaka jana, nami nilimsomea mke wangu mara mbili kwa furaha. Mashine ilimchukua daktari wa zamani, ikachukua sifa za mshonaji wa sasa, ikavipika chungu kimoja.

Nikabonyeza pa kuripoti kosa. Nikashukuriwa. Nikaripoti tena, nikashukuriwa tena, kwa maneno yale yale. Wiki ile nilishukuriwa kuliko miaka yangu yote ya kazi. Nilitafuta namba ya kupiga, ofisi ya kwenda, hata karani wa kugombana naye. Hakuna. Waya huu haukuwa na ncha.

Mke wangu akaacha kucheka. Kila hatua ya mtu barazani ilimnyanyua kitini. Akawa anashona huku amegeukia mlango, na anayeshona hivyo hashoni, anaharibu. Akakata pazia la mteja likapungua shibiri nzima, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimuoe.

"Wewe na waya zako," aliniambia, mkasi bado mkononi. "Si ni wewe uliyesema tuingie huko mtandaoni? 'Watu watakuona,' ulisema. Haya, wameniona!"

Nikachukua ubao na rangi nyekundu, nikaandika: HAPA SI KWA DAKTARI WA MENO. Nikaupigilia mlangoni. Siku tatu pakatulia, nikaanza kutembea kifua mbele. Siku ya nne wakaja saba. Kumbe mpita njia alipiga picha mlango wetu akaiweka mtandaoni, na ile sauti, nilipoiuliza, ikasema kwamba kliniki imethibitishwa kwa bango lililopo mlangoni. Ilisoma maneno yote, ikaruka SI peke yake.

Ijumaa akaja baba mmoja amembeba binti yake wa miaka kama sita. Shavu la mtoto lilikuwa limevimba hadi jicho limefumba, na alijizuia kulia kwa sababu kulia kulimuuma.

"Shikamoo, mama. Nisaidie, huyu siku ya pili hajala."

"Marahaba, baba. Mimi si daktari. Nashona mapazia, angalia mwenyewe."

"Najua mmechoka, mama, watu ni wengi. Lakini simu inasema ni wewe." Akaisogeza karibu na uso wa mke wangu, kana kwamba yeye ndiye aliyesahau kazi yake. "Inasema mkono wako mwepesi."

Mke wangu aliitazama simu, kisha mtoto. Akamgusa paji la uso kwa nyuma ya kiganja. "Anachemka huyu," alisema. Akazima cherehani, akatupa mtandio begani, akatoa funguo. "Fundi Waya, twende. Huyo daktari hakumezwa na ardhi."

Tukatoka wanne. Mkononi mwa yule baba simu ilizidi kuturudisha: geuka nyuma, geuka nyuma. Na yeye kila mara aligeuka, shingo haimtulii. Mke wangu aliuliza kwa mdomo. Mshona viatu wa kwenye kona alimkumbuka daktari, ila si alikohamia. Akatuelekeza kwa muuza magazeti, kwamba huyo bado anamuuzia gazeti kila asubuhi. Muuza magazeti akanyoosha mkono: nyuma ya duka la dawa, ghorofa ya kwanza. Hata robo saa haikutimia.

Daktari alikuwa peke yake ndani ya koti jeupe, akijaza fumbo la maneno gazetini. Alipomwona mtoto alisimama mara moja. Usaha ulipotoka, mtoto akalia hatimaye, kilio cha nguvu, na baba yake akalia naye bila kujificha.

Baadaye, akinawa mikono, daktari alimwambia mke wangu: "Wiki hizi sioni mtu. Nilidhani watu wamepona meno. Nilishaanza kufungasha."

"Wote wako kwangu," mke wangu alisema, wala hakutabasamu.

Tangu siku ile nikawa kiongozi wa njia: nakaa barazani, nawapeleka wagonjwa nyuma ya duka la dawa. Binti yetu akaja kwa siku mbili, akakaa na daktari, wakajaza fomu moja baada ya nyingine. Wiki ya tatu ramani ikabadilika. Daktari kwake, mapazia kwetu. Niliiuliza ile sauti mara tano kwa siku, kama mtu anayebonyeza kidonda kuona kama kimepona.

"Imekwisha sasa?" nilimuuliza binti kwenye simu.

"Hii imekwisha. Ila huko tuendako, Baba, mtu hata hatauliza. Simu yake itaongea na simu ya dukani, zipatane zenyewe, yeye aambiwe tu saa ya kwenda."

"Na zikipatana uongo?"

"Sijui, Baba."

Wiki mbili baadaye simu ya duka ikaita. Sauti ya kike, laini, ikaomba nafasi ya kung'oa gego kwa ajili ya mteja wake.

"Mwanangu, hapa ni mapazia," mke wangu alisema.

"Nimeelewa. Je, Alhamisi saa nne asubuhi inafaa?"

"Haifai! Kwani wewe ni nani?"

"Asante sana. Nimeweka Alhamisi saa nne. Nitamjulisha." Ikakata. Tukaipigia ile namba, haipokei simu.

Alhamisi nilivaa viatu tangu saa mbili, tayari kumsindikiza mtu. Mke wangu alifagia chumba mara mbili. Saa nne ikafika, ikapita. Saa tano nikampigia daktari. Kwake pia hakuna aliyekuja.

"Yuko mtu mahali," mke wangu alisema, "anaumwa, na ameambiwa asubiri."

"Au hayupo."

"Au hayupo," alikubali, lakini hakukaa. Kitambaa kilibaki chini ya sindano hadi adhuhuri, yeye akizunguka meza akipanga pini zilizokwisha kupangwa, nami nimesimama dirishani nikikagua mashavu ya wapita njia.