Ziwa la Wanyonyi

Baba alikuwa amechuchumaa juu ya jiwe, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, akiutazama uzi wa ndoana aliouteremsha kwenye maji meusi. Tulikuwa juu kabisa ya Mlima Elgon, mahali ambapo hata kunguru hana shughuli. Wanyonyi, mwanaume niliyetaka anioe, alisimama nyuma yake akipuliza vidole. Mimi nilikuwa kati yao nikimwomba Mungu samaki mmoja tu, hata awe mdogo kama omena.

Yote yalianzia nyumbani kwetu Asembo Bay, ufukweni mwa ziwa kubwa, siku nilipomleta Wanyonyi, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, ambaye kwao ni Mlima Elgon. Baba, mvuvi tangu ujana wake, alimkaribisha vizuri, akamlisha samaki aina ya ngege, kisha akakataa katakata.

"Mimi siwezi toa msichana aende mahali maji inaishia kwa mtungi," alisema.

"Hata sisi tuko na ziwa, Mzee," Wanyonyi akajibu. "Iko juu ya mlima."

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Tangu lini maji yakapanda mlima? Nani aliyabeba? Lakini yeye hajawahi kusikia habari za maji asitake kujua yana nini ndani. Akawa ananipigia simu Kisumu, nilikoishi, kila mara: Lina kina gani? Upepo wake unatoka wapi? Mwishowe akatoa neno.

"Anionyeshe hiyo ziwa, Debra, ndio tuongee mambo ya ndoa. Kama hakuna, asirudi hapa."

Hapo ndipo Wanyonyi aliponiambia jambo lililonikata maini. Alikuwa ameliona ziwa hilo mara moja tu, akiwa mtoto, alipomfuata mjomba wake kumtafuta ng'ombe aliyepotea.

Tulipanda na askari wa wanyamapori. Baba alivaa gambuti, akabeba mkebe wa minyoo aliyoichimba mwenyewe Asembo. Huko juu ukungu ukatufunika. Wanyonyi aligeuka huku, akageuka kule, na nikaona shingo yake ikitoka jasho katika baridi ile.

"Ziwa imehama?" Baba akauliza.

Kisha ukungu ukafunguka, na chini yetu ziwa likawa limetulia, dogo, bila matete wala ndege. Askari akaeleza kwamba lilichimbwa na barafu iliyokuwa ikiteremka hapo zamani sana. Baba alimsikiliza kwa adabu, halafu akatoa ndoana yake.

Uzi haukutikisika hata kidogo. Alipouvuta, mnyoo ulikuwa mzima, haujaguswa.

"Sasa hii ni ziwa ya nini, bila samaki?"

Nikamkonyeza Wanyonyi aseme samaki wako kule katikati, kwenye kina.

"Hakuna samaki, Mzee," alisema. "Mimi nilisema tu ziwa iko."

Baba akaanza kulizunguka ziwa polepole, jinsi anavyokagua mashua ya mtu mwingine, mpaka akafika mahali ambapo maji yalichuruzika kati ya mawe, kijito chembamba kama kamba ya kiatu.

"Hii inaenda wapi?"

"Inashuka kwa mto Kuywa," Wanyonyi akajibu. "Kuywa inaingia Nzoia."

"Nzoia? Hiyo mto inaingia ziwa yetu hapo Budalang'i?"

"Hiyo hiyo, Baba."

Ilikuwa mara ya kwanza Wanyonyi kumwita hivyo, na Baba hakumkatiza. Aliinama, akateka maji kwa viganja, akaonja, kisha akanawa uso, kama afanyavyo kila alfajiri kabla ya kusukuma mashua. Nililia, wala sikuona haya.

Siku ya mahari, baba mdogo Ochieng, mtu asiyekosa la kupinga, alisimama akauliza kwa nini msichana wetu anapelekwa mbali hivyo, kwa watu wa milimani.

Baba hakuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya samaki.

"Si mbali," alisema. "Anaenda tu mahali maji inatoka."