Dhiraa ya Nyumba ya Wanis

Kosa la Wanis lilikuwa jibu moja tu. Daktari alimuuliza, "Mkono wako wa kazi ni upi, ami?" naye akajibu, "Wa kulia," kama ambavyo mfumaji yeyote wa mji wa Naqada angejibu. Wa kulia ndio unaovuta kamba na kurusha uzi. Wa kushoto hakuna anayeuita wa kazi. Wa kushoto ni kipimo.

"Basi wa kulia tuuache," daktari akasema.

Akampasua wa kushoto, chini ya kiwiko, akaunganisha mshipa na mshipa ili sindano za mashine ya kusafisha damu zipate pa kuingilia, maana figo za Wanis zilikuwa zimekwisha kazi. Tangu siku hiyo damu ilipita pale kwa kasi, na ngozi ikawa inavuma, mvumo mdogo kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya gudulia.

"Ukivuma, u mzima," daktari akamwambia. "Ukinyamaza, njoo mbio. Usiubebeshe mzigo, usiulalie, usiufunge kitu. Mishipa yako ni myembamba, ami. Huu ukiziba, sijui nitapata wapi mwingine."

Wanis aliitikia kila neno kwa kichwa. Alipofika nyumbani na kuliona shuka la binti yake limetandwa kwenye mtambo wa kufumia, limefumwa nusu, ndipo alipokumbuka.

Katika nyumba ile baba humfumia binti yake shuka la harusi, na siku wakwe wanapokuja kulichukua hulipima mbele ya macho yao. Kutoka kiwiko cha mkono wa kushoto hadi ncha ya kidole cha kati, hiyo ndiyo dhiraa. Kitambaa huzungushwa mkononi na kuvutwa mpaka kikaze, kwa sababu kitambaa kilicholegea ni uongo. Dhiraa kumi na mbili kamili. Zikipungua, bibi harusi huitwa Nusu mpaka anaingia kaburini. Mtaa wa pili yupo bibi mmoja, meno hana, vitukuu anao, na mpaka leo anaitwa Nusu.

Utasema, si angewaambia tu kwamba anaumwa? Angewaambia, kama mama mkwe angekuwa mwingine. Mama Hedra, mama yake bwana harusi, alikwisha kuvunja uchumba mmoja kwa sababu babu wa msichana alikuwa na kifafa, na huyo babu alikuwa amekufa siku nyingi. Binti wa mtu mwenye figo mbovu angemkubali? Basi Wanis, mkewe Febronia na binti yao Irini wakafunga midomo. Mficha maradhi kifo humuumbua, walilijua hilo, lakini walijua pia jinsi Irini alivyomsubiri Hedra miaka yote aliyokuwa jeshini. Siku za mashine walisema baba kaenda Qus kununua nyuzi.

"Wanis," jirani akamtania, "nyuzi zote hizo unazifuma au unazila?"

"Nazila. Za hariri ndizo tamu zaidi."

Jirani akacheka, Wanis naye akacheka, kisha akaingia ndani akashuka kwenye shimo la mtambo wake. Miaka yote alikuwa amelipenda shimo lile, miguu chini kwenye ubaridi, kiuno usawa wa sakafu. Sasa alipokaa humo alihisi amezikwa nusu. Akitoka humo, ni kiti cha mashine kilichomshika tangu asubuhi. Akitoka kwenye kiti, ni nyumba yake mwenyewe, ambamo Febronia alimchunga kama askari.

"Weka chini hiyo birika."

"Ya chai tu hii, mke wangu."

"Chai haina uzito? Mkono, Baba Irini. Mkono."

Irini peke yake ndiye hakumfokea. Kila asubuhi, kabla ya kupeleka mkate kwenye jua uumuke, alikuja akainama, akaweka sikio kwenye mkono wa baba yake, akasikiliza. "Unavuma, baba," alisema, kisha akaenda zake. Wanis aliipenda saa hiyo kuliko zote.

Siku ya kupima ikafika. Wanawake wa upande wa Hedra wakajaa sebuleni, sharubati nyekundu ikapitishwa, na Irini akakalishwa katikati yao, mtandio usoni, kimya, kwa kuwa siku hiyo bibi harusi hasemi. Hedra na wajomba zake walikaa uani. Wanis akalichukua shuka, akanyoosha mkono wa kulia.

"Huo siyo mkono wa nyumba," Mama Hedra akasema. "Shangazi yako alipimiwa na babu yako, na alipimiwa kwa wa kushoto. Au mmebadilisha?"

"Kushoto pana jipu," Febronia akaingilia.

"Jipu? Lete nilione. Marhamu ninayo hapa hapa kwenye mkoba."

Tayari alikuwa ameushika mkoba. Wanawake wote walimtazama Wanis. Kulikunja joho ni kuonyesha kovu na mshipa uliovimba kama kamba.

"Si jipu la kumsumbua mtu," akasema. "Mke wangu anatania." Akahamishia shuka mkono wa kushoto, juu ya joho lake.

Dhiraa ya kwanza akaizungusha taratibu. Ya pili akailegeza kidogo.

"Kaza, Baba Irini," Mama Hedra akasema huku akicheka. "Au unataka mkwe wangu awe Nusu?"

Wanawake wakacheka. Wanis akakaza. Aliusikia mvumo chini ya kitambaa ukigonga, ukitafuta njia, na kila mzunguko ulipoongezeka ukazidi kuwa mwembamba. Vidole vikaanza kuwa baridi. Aliogopa, aliogopa kuliko siku ya kisu. Akiacha, Irini atabaki nyumbani na jina baya. Akiendelea, huenda asimwone mjukuu. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Basi akavuta dhiraa ya saba, ya nane, ya tisa, na moyoni akamuaga binti yake bila kumtazama. Alipoifikia ya kumi hakusikia tena kitu.

Irini akasimama.

"Kaa chini," Wanis akasema. "Mwanangu, kaa. Zimebaki mbili tu."

"Zibaki."

Akautupa mtandio, akapiga magoti, akaanza kulifungua shuka kwa haraka mpaka uzi wa pindo ukakatika. Akalikunja joho la baba yake mpaka kwenye kiwiko, mbele ya wote. Kisha akainama akaweka sikio.

"Nini hicho?" Mama Hedra akauliza.

"Figo, mama," Irini akajibu bila kuinua kichwa. "Mkono huu ndio unaomweka hai. Tuliwaficha."

Mama Hedra hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alilitazama kovu muda mrefu, akarudisha marhamu mkobani.

"Nina mwana mmoja, Baba Irini," akasema. "Mmoja tu. Kesho wajukuu wangu wakiugua hivyo, nitamlaumu nani? Mungu akuponye. Kweli nakuombea."

Wanawake wakatafuta viatu vyao. Hedra alikuwa amefika mlangoni. Alimtazama Irini aliyepiga magoti, akafungua mdomo. Mama yake akamwita kwa jina, mara moja tu, naye akageuka akamfuata.

Irini bado alikuwa ameinama. Febronia alikuwa ameziba uso kwa viganja. Nyumba ikatulia mpaka ukasikia njiwa wa jirani juu ya paa, na yule msichana bado anasikiliza, macho kayafumba, midomo ikimwomba Bikira.

"Unavuma," akasema mwishowe. "Unavuma, baba."

Machozi yake yalimdondokea Wanis kwenye kovu, nayo yalikuwa ya moto. Wanis akamwekea mkono wa kulia kichwani. Tangu alipopasuliwa alikuwa akiuomba mkono ule usinyamaze, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alitamani ungekuwa umenyamaza.