Rangi Haikuvunjika

Tangu mgeni aingie maabara, Mjomba, mkuu wa maabara hiyo, alikuwa akichekacheka kama bwana harusi. Mgeni alikuwa mwenye kiwanda cha kutia nguo rangi, kile ambacho maji yake ya zambarau hupita kwenye mtaro nyuma ya nyumba ya mama yake Taa. Taa ni jina alilopewa na wenzake, maana kutwa aliinamia taa akitafuta unga utakaovunjavunja rangi majini kwa mwanga wa kawaida, kama ule wa dirishani.

Mjomba alitia unga wa kahawia kwenye kopo la maji ya zambarau, akawasha taa. Punde si punde maji yakatakata.

“Umeona, mheshimiwa? Mwanga umeimaliza rangi!”

Taa aliuma meno. Jana tu alimwambia kwa heshima zote: “Mjomba, unga huo una vitundu kama sifongo. Unameza rangi, hauivunji. Huu wangu wa njano ndio unaivunja, ila unachelewa.” Naye Mjomba akamjibu, “Mgeni haji kungoja, mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite.”

Sasa mwanaharamu alikuwa anatoa kalamu atie sahihi mkataba wa kuununua unga huo.

Taa akachukua kopo jingine la maji ya zambarau, akatia unga uleule wa kahawia, akalifungia kabatini gizani. Mjomba akamkata jicho, Taa hakujali. Alipolitoa, maji yalikuwa safi vilevile.

“Hili mwanga haujaligusa,” alisema. Akauchuja ule unga, akaumwagia spiriti. Spiriti ikageuka zambarau iliyokolea. “Rangi yenu hii hapa, haijapungua hata chembe.”

Mwenye kiwanda akainua mabega. “Shida iko wapi, dada? Mradi maji ni meupe, wakaguzi wataniacha.”

“Na unga ukishashiba, mtautupa wapi?”

“Si mtaroni tu!” Akacheka.

Taa akapaza sauti. “Mtaro huo unapita kwa mama yangu. Na mama yangu ni dada yake huyu, tumbo moja!”

Mwenye kiwanda akamtazama Mjomba. “Sitaki ugomvi wa ndugu uniletee wakaguzi.” Kalamu ikarudi mfukoni, mgeni akaaga bila kupeana mkono na mtu. Mlango ulipofungwa, Mjomba alinyoosha kiganja: “Ufunguo wa maabara.” Taa akampa, asimwombe radhi.

Jioni mama alipiga simu.

“Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu?”

“Amejivua mwenyewe, mama.” Akamsimulia yote.

“Alijua ni mtaro huu wa kwangu?”

“Alijua.”

Simu ikakatwa. Asubuhi mama alikuwa mlangoni kwa kaka yake kabla hajanywa chai. Waliyoambiana Taa hakuyasikia, ila mchana ufunguo ulirudi mezani kwake. Samahani haikuja nao.

Akafungua maabara, akapima unga wake wa njano, akaanza kutafuta namna ya kuuongezea kasi.