Kituo cha Tatu

Kwa miaka minane, mtu akiuliza pale Mtambile habari za mto Kwamsaka, alikuwa akielekezwa kwa Kazija binti Rajab. Mto wenyewe si mkubwa; kiangazi mtu mzima anauvuka bila kupandisha kanga juu ya magoti. Lakini ndio unaonywesha mabonde ya mpunga na majimbi, tangu chemchemini mpaka unapoingia kwenye mikoko upande wa Wambaa, na wenyeji wa huko walikuwa wameunda kikundi cha kuulinda. Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Kazija aliupima. Vituo vilikuwa vitano. Katika kila kituo aliingia majini na kimia chake, wavu mdogo wa mkononi, akageuza mawe, akamwaga alichokipata kwenye sinia jeupe, kisha akahesabu: konokono wangapi, kamba wangapi, wadudu gani. Mto wenye afya una wadudu wake na mto mgonjwa una wake, na yeye alikuwa akiwajua kama anavyowajua watoto wa jirani. Wengi hakupata kusikia wana jina, basi akawapa majina mwenyewe. Aliowapenda kuliko wote aliwaita mikia-mitatu, vidudu bapa vinavyong'ang'ania chini ya mawe, visivyostahamili uchafu hata chembe.

Juu ya ukingo, na daftari mapajani, alikaa Mwanapili. Wawili hao walikuwa marafiki tangu wakiwa chuoni wanasoma juzuu, wakaolewa mwaka mmoja, na Kazija alipofiwa na mume ni Mwanapili aliyelala naye siku zote za mwanzo za eda. Mwandiko wa Kazija ulikuwa mbaya, hivyo yeye alihesabu na mwenzake akaandika.

"Kamba kumi na mbili," alikuwa akisema Kazija.

"Kumi na mbili. Na huyo aliyekupanda begani?"

"Huyo muache, huyo shahidi."

Wakacheka, wakahamia kituo kingine. Kazija hakuwahi kufikiri kwamba kicheko kile kilikuwa mali yake mpaka alipokisikia kinatoka kwa ajili ya mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Suhaila. Kwao Madungu, umri miaka ishirini na tano, na chuo kikuu ndio kwanza amemaliza. Mradi uliokuwa ukikisaidia kikundi ndio uliomleta, pamoja na kifaa kirefu mfano wa tochi, ambacho ukikichovya majini kinakwambia hapo hapo joto, chumvi, ukali wa maji na hewa iliyomo. Siku alipotambulishwa katika chumba cha skuli, Mzee Masoud, mwenyekiti wa kikundi, alisimama uso umemkunjuka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Sasa na siye tuna mtaalamu wetu."

Watu wakapiga makofi. Kazija naye akapiga, lakini neno lile lilimwingia kama mwiba wa samaki kooni. Miaka minane ya kusimama majini, magoti yanamuuma kila ikinyesha, na hakuna hata siku moja aliyemwita mtaalamu. Alikuwa Bi Kazija wa mtoni, basi.

Kibaya zaidi, binti mwenyewe hakuwa na kasoro ya kushika. Alisalimia kwa adabu, alijifunga kanga juu ya suruali akaingia matopeni bila kuona kinyaa, na kila alipomwona Kazija alisema, "Shikamoo mama," kwa sauti inayotoka moyoni. Lau angekuwa na kiburi, Kazija angepata pa kuegemeza chuki yake. Sasa ilibidi aibebe hivyo hivyo.

Mradi ulitaka vipimo kila Jumatatu. Suhaila alihitaji mtu wa kuingiza namba kwenye simu huku yeye anashika kifaa, akamwomba Mwanapili. Ndani ya mwezi mmoja Mwanapili alikuwa akibofya ile simu kama aliyezaliwa nayo. Ukimpitia Jumatatu humkuti. Ukimkuta Jumanne, maneno yake ni Suhaila kasema hivi, Suhaila kanionesha vile. Akaanza hata kumpikia chakula cha mchana, ati mwana wa watu yuko mbali na mama yake.

"Kwani Madungu ni Ulaya?" Kazija aliuliza siku moja. "Si gari mbili tu kafika?"

Mwanapili alimtazama. "Weye una nini?"

"Sina kitu."

Alikuwa nacho. Alilala nacho akaamka nacho. Alipoomba ile Alhamisi ya wadudu iendelee, Mzee Masoud alijibu kwa upole, "Endelea tu Bi Kazija, haidhuru." Neno hilo la haidhuru alilitafuna wiki nzima.

Basi ikaja habari kwamba wageni watakuja kutoka Unguja, watu wakubwa, kuangalia kazi ya kikundi. Siku iliyopangwa ni Alhamisi. Suhaila ndiye atakayewatembeza mtoni na kuwaeleza hali ya maji.

Jumanne asubuhi ya wiki hiyo Kazija alichukua kimia chake akaenda peke yake. Hakuwa ametumwa. Alitaka tu kuwa na mto wake kabla haujajaa watu. Kituo cha kwanza na cha pili vilikuwa salama. Kituo cha tatu kiko chini kidogo ya bustani ya tungule, yaani nyanya, ya mkulima Hafidh, mahali mto unapopinda karibu na majimbi ya Mwanapili. Maji yalikuwa meupe, unauona mchanga. Kazija akageuza jiwe la kwanza. Tupu. La pili, tupu. Aligeuza mawe kumi na tano asione hata mikia-mitatu mmoja, mahali ambapo siku zote hukosi thelathini. Kisha akawaona kamba, wamelala ubavu kwenye mchanga, wengine bado miguu inawacheza.

Alijua papo hapo. Hiyo ilikuwa sumu, dawa ya wadudu. Hafidh, au kibarua wake, alikuwa ameosha bomba la kupulizia mtoni. Na alijua jambo la pili pia: kile kifaa hakitaiona. Kifaa kinapima chumvi, kinapima joto, dawa hakiijui. Keshokutwa Suhaila atakichovya hapa mbele ya wageni, atasoma namba zake nzuri, atasema mto ni mzima. Halafu yeye, Kazija binti Rajab, atashuka majini, atageuza jiwe moja tu, na kila mtu atajua mtaalamu ni nani.

Picha hiyo ilimjia tamu. Alisimama pale akiionja kwa muda mrefu. Kisha akakung'uta kimia, akapanda ukingo, akarudi kwake, na siku nzima hakumwambia mtu. Kila roho ilipomgusa alijiambia kwamba maji ya mto yanakwenda, sumu itakuwa imeshafika baharini, na siku mbili si kitu.

Jumatano baada ya adhuhuri alipita kwa Mwanapili kurudisha kinu. Tangu njiani harufu ya mchuzi ilimpokea, wa nazi na bizari, wenye karafuu iliyokaangwa. Ukumbini kulikuwa na mkeka, na juu ya mkeka Mwanapili na Suhaila wamekaa uso kwa uso, sinia la wali katikati, na bakuli la nyama. Wanacheka. Suhaila alikuwa amekuja siku moja kabla kujitayarisha kwa wageni.

Mwanapili alishtuka kidogo. "Karibu, Kazija. N'litaka kukwita, nikaona muda umekwenda."

Uongo ulikuwa mwepesi hata haukuficha kitu. Nyumba zao zilitenganishwa na mpapai mmoja. Kazija alihisi uso unamwaka. Alikiweka kinu chini.

"Leo nyama," alisema. "Kuna nini?"

"Bata hao," alisema Mwanapili akijisogezea tonge. "Tangu jana wanayumba, wawili wamenifia huko mtoni. Hawa nimeona niwawahi kisu kabla hawajawa mzoga. Wamenona! Walishinda kutwa wanaokota kamba kule kwenye mpindo."

Kazija alisikia kila neno. Alielewa kila neno. Na hapa ndipo penye jambo ambalo baadaye hakuweza kulieleza hata kwa nafsi yake: hakusema. Alimtazama Suhaila akinyofoa paja, akamtazama Mwanapili akimsukumia kipande kilichonona zaidi, kile ambacho kwa miaka thelathini alikuwa akisukumiwa yeye, na ulimi ukawa mzito mdomoni. Haikuwa muda mrefu. Matonge matatu, labda manne. Akayaona yote yakiingia.

Kisha akapiga teke lile bakuli likaenda kugonga ukuta.

"Temeni! Hiyo nyama ina sumu! Temeni nyote!"

Kwanza walidhani kapandwa na shetani. Mwanapili alisimama amghadhibikie, mchuzi unamchuruzika kwenye kanga, na kabla hajamaliza sentensi akashika tumbo. Suhaila alifuata. Jasho liliwatoka, mate yakawajaa, wakatapika pale pale ukumbini. Kazija alikimbia barabarani akipiga ukelele, akasimamisha gari ya mzigo wa ndizi, na dereva na watu wawili wakasaidia kuwapakia. Njia nzima alikaa nyuma na vichwa viwili mapajani, kimoja upande huu na kimoja upande ule, akisoma kila dua aliyoijua.

Walikuwa wamekula kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichowaokoa. Hospitalini, daktari alipomaliza kuwapima alisema watalala hapo usiku mmoja, kesho wataruhusiwa. Akauliza ni sumu gani. Kazija akamweleza: dawa ya kupulizia tungule, imeingia mtoni, kamba wamekufa, bata wamekula kamba.

Mwanapili alikuwa macho, ametundikiwa maji. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Umejuaje habari za kamba?"

"Niliwaona."

"Lini?"

Kazija angeweza kusema ni leo. Hakuna ambaye angejua. Alitazama sakafu.

"Jana asubuhi."

Kitanda cha pili, Suhaila alifumbua macho. Mwanapili alimwangalia rafiki yake kwa muda, kama mtu anayesoma barua ya mtu asiyemjua, kisha akageukia ukutani.

Jioni hiyo hiyo Kazija alikwenda barazani kwa Mzee Masoud akamweleza yote, bila kupunguza. Mzee aliacha tasbihi.

"Na ulinyamaza kwa sababu gani?"

"Wivu, Mzee wangu. Nilitaka aaibike."

"Subhanallah," alisema Mzee Masoud. Akachukua bakora yake wakaenda pamoja nyumba hadi nyumba bondeni, kuwaambia watu wasichote maji, wasioge, wasiachie mifugo. Hafidh walimkuta bustanini. Mwanzo alikana, alipoambiwa watu wawili wako hospitali akakaa chini juu ya tuta, mikono kichwani. Alikuwa ameosha bomba Jumatatu jioni, kwa haraka, sala ya maghribi isimpite.

Wageni walikuja Alhamisi kama walivyoahidi. Suhaila hakuwepo, ikabidi Kazija awatembeze yeye. Kwenye kituo cha tatu alishuka majini, akageuza jiwe, akawaonesha lilivyo tupu, akawaeleza kilichotokea. Walimsikiliza wote, kalamu zinakwenda. Ilikuwa ile picha yake yenyewe, na haikuwa na utamu wowote. Bibi mmoja mwenye miwani akamsifu kwa kugundua mapema.

"Usinisifu, bibi," Kazija alijibu. "Niligundua mapema, nikachelewa kusema. Andika hivyo."

Kikundi kilikaa wiki iliyofuata. Hafidh alitakiwa kuchimba shimo la kuoshea bomba mbali na mto, na bonde zima likakatazwa maji mpaka itakapotangazwa kuwa ni salama. Kazija alivuliwa kazi kwa miezi mitatu. Hakupinga. Ila Suhaila, aliyekuwa bado uso umemsawijika, aliinua mkono.

"Mimi siombi asamehewe," alisema. "Lakini kifaa changu hakiwezi kuona alichokiona. Miezi mitatu nitapima nini? Naomba anifundishe wale wadudu."

Basi wakawa wanakwenda pamoja, mwalimu aliyeadhibiwa na mwanafunzi wake. Hawakuzungumza ila ya kazi. Siku moja tu, katikati ya kuhesabu, Suhaila aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nilijua hunipendi, mama. Sikujua kiasi hicho."

"Hata mimi sikujua," alisema Kazija.

Mwanapili hakumsemesha. Wakikutana njiani aliitikia salamu, kwa kuwa salamu ni wajibu, akapita. Kazija alihesabu siku zikafika arubaini na moja. Siku ya arubaini na mbili alinunua vifaranga sita vya bata, akavitia kwenye pakacha, akavuka kwenye mpapai.

"Hodi."

Mwanapili alifungua mlango nusu. Akaangalia pakacha, akalipokea.

"Ahsante," alisema, akafunga.

Kazija alibaki nje. Ndani akasikia Suhaila akiuliza kuna nini, halafu vicheko viwili juu ya vifaranga vilivyotoroka. Wivu ukamjia ule ule, wa moto, haukupungua hata tone. Akataka kurudi kwake akafunge madirisha. Alisimama nao pale mlangoni. Aliungoja upoe, haukupoa. Akagonga nao hivyo hivyo.

"Hodi."

Mwanapili alifungua tena. "Umesahau nini?"

"Sikusahau kitu. Miye nasikia mnacheka, na roho inaniuma, nataka kuingia."

Mwanapili alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Kifaranga kimoja kikapenya katikati ya miguu yake kikatoka nje, na hakuna aliyeinama kukishika. Mwishowe aliondoa mkono kwenye mwimo wa mlango.

"Vua viatu," alisema. "Nimepiga deki."