Namba Kubwa kwenye Sahani za Binti Yangu

Pale kwa dobi ninapopiga pasi, maneno yalianzia kwenye meza ya kukunjia mashuka: eti mwalimu wa mchezo wa visahani hamchagui mtoto anayerusha sahani zenye namba ndogo. Niliyasikia asubuhi, nikarudi nayo nyumbani, nikapika nayo, na hayakunitoka.

Mchezo wenyewe ni wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Anayerusha mara chache ndiye mshindi. Binti yangu ana miaka kumi na tano, mwembamba kama uzi, na aliupenda kuliko chakula. Alikuwa na sahani tatu kuukuu, nene ukingoni, zimechubuka kila mahali. Kila sahani huandikwa namba kadhaa; ya kwanza kwenye zake ilikuwa tatu, tano na sita. Jumamosi ile timu ingechaguliwa, na mwanangu hakuomba kitu kingine duniani.

Mimi niliishia darasa la saba. Ninavyojua, mwenye kumi na tatu amemshinda mwenye tatu.

Nikamweleza mwenzangu wa kazini, tunayemwita Bi Redio. Kesho yake akaja kwangu na sahani za shemeji yake, mbeba mizigo bohari: kumi na mbili, kumi na tatu, zinang'aa, ukingo mwembamba kama kisu.

"Shoga, hizi ndizo zenyewe. Nipe hizo kuukuu wanangu wachezee."

Nikampa. Binti mwenyewe sikumwuliza.

Binti yangu aliporudi shuleni akafungua mkoba wa sahani, akazigeuza moja moja.

"Mama, zangu ziko wapi?"

"Nimekubadilishia. Huoni namba? Kumi na tatu!"

"Hiyo si alama ya mtihani, mama. Ni kasi. Hizi ni za watu wenye mikono."

"Kwani wewe una mabawa?"

Akacheka, maana hajui kunikasirikia. Laiti angenikasirikia. Akanieleza taratibu kwamba sahani ya kasi isiporushwa kwa nguvu nyingi inapinda upesi na kuanguka, na kwamba zile zake zilishalainika, zinaenda kule anakotaka. Nikamwambia aache deko, nimehangaika kwa ajili yake. Akazirudisha mkobani.

Jumamosi nilisimama pembeni ya uwanja na wazazi wengine. Mrusho wa kwanza ukapinda kushoto, ukaanguka majanini hata nusu ya njia haujafika. Wa pili vilevile.

"Anarusha sahani au anapanda mahindi?" baba mmoja akasema, wenzake wakacheka.

Kicheko kile kikanichoma. Nikapaza sauti, "Kaza mkono, mwanangu!"

Akakaza. Akanitazama, akakaza zaidi. Mrusho wa sita sahani ilimtoka ovyo, na yeye akapiga magoti, ameshika bega. Hakulia mpaka nilipofika.

Mwalimu alikuja mbio. Baadaye, tukisubiri nje ya chumba cha daktari, akaniuliza zile sahani zilitoka wapi. Nikamwambia, na maneno ya kazini nikamwambia.

"Nani kasema naangalia namba? Mama, huyu nilishamwandika. Kwa sahani zake zilezile. Leo ilikuwa ya kuthibitisha tu."

Nikaufunga mkoba wa sahani, nikausukuma chini ya benchi.

Daktari alisema kano ya bega imechanika. Miezi minne sasa, mkono haupandi kupita sikio. Nafasi yake kapewa mwingine. Asubuhi namchana nywele, kwa sababu mwenyewe hafikii, na huwa ananiambia, "Si kosa lako, mama." Nachana tu. Naogopa nikifungua mdomo nitamlilia kichwani.

Wazazi wenzangu, epukeni haya:

Msimpe anayeanza sahani ambayo namba yake ya kwanza imezidi saba. Ni kasi, si daraja.

Msimpe mtoto sahani nzito. Gramu mia na hamsini na kidogo zinamtosha.

Msitupe sahani yake iliyochakaa kama inamwendea vizuri.

Msimchukulie sahani za mtu mzima mwenye misuli.

Msimbadilishie chochote wiki ya mashindano.

Msimwambie akaze mkono. Mwulizeni kwanza kama bega linauma.

Msimchagulie bila kumwuliza yeye au mwalimu wake.