Tawi la Auckland

"Tulia, Lesi! Nikikukata sikio usinililie," alisema Finau, mkasi wake ukila nywele zangu kisogoni.

Kwetu visiwani Vavaʻu shangazi akifa, watoto wa kaka yake hukatwa nywele. Nilikuwa nimekaa chini karibu na moshi wa jikoni, nimejifunga hadi kifuani mkeka wa matanga, mkuukuu na uliochanika, na mwenye haki ya kunikata alikuwa Finau, binti wa marehemu. Moyoni nilimwambia kata, dada, kata mpaka kwenye ngozi, maana mama yako nimemuua mimi.

Nani angenibishia? Kazi yangu Melbourne ni kuchunguza virusi vya mafua. Nilijua fika kwamba mtu huanza kuambukiza hata kabla homa haijampanda. Niliposhuka kwenye ndege koo likiniwasha, nilimwomba Shangazi Lavinia asinikaribie.

"Ebo! Australia ndiko ulikofunzwa kuninyima shavu?" alifoka mbele za watu.

Shangazi hakataliwi. Nikampa shavu, akalinusa kwa pumzi ndefu, kama alivyozoea tangu nikiwa mchanga. Kesho yake nikalala na homa. Kisha akalala yeye, na hospitali ikatuchukua sampuli za pua sote wawili. Mimi nilipona. Yeye mapafu yalijaa, wiki haikuisha.

Sampuli zililetwa maabara yetu Melbourne, nilikokuwa nimerudi baada ya mazishi. Nilizikwepa kwa visingizio vya kitoto, na nywele zangu zilikuwa zimeota tena hadi masikioni nilipothubutu kuzilinganisha.

Kirusi cha mafua ni karani mzembe: kila kinapojinakili hukosea herufi, na makosa hayo hurithiwa na vizazi vyake. Ukiyafuata, utajua nani ni wa ukoo gani. Changu kilikuwa cha tawi la Melbourne. Cha Shangazi kilikuwa cha tawi lililokuwa likiwasumbua watu wa Auckland.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, nikapiga meza.

Halafu nikakumbuka nani alitoka Auckland. Finau alikuwa ametangulia kufika Vavaʻu kutoka huko na kwaya ya kanisa lake, anakohoa, anasema ni vumbi tu. Tena ndiye aliyekuwa akimlisha mama yake mchuzi kwa kijiko. Nilikionea aibu kile kicheko.

Jumapili akapiga simu, kama kawaida yake.

"Majibu yametoka? Usinifiche, Lesi. Silali. Mimi pia nilikuwa nakohoa, unakumbuka?"

Nikajishika kisogoni.

"Ni mimi, dada. Kilikuwa changu."

Alilia, na katika kile kilio nilisikia mtu anayetua mzigo.

"Nimekusamehe," akasema mwishowe.

Niliupokea msamaha ule kwa ajili ya kile kicheko. Jumapili iliyofuata simu haikulia, wala ile nyingine. Nywele zimenifika mgongoni sasa, na kila Jumapili bado naiweka simu karibu.